Moto Usipimwe kwa Mngurumo Wake

Leo nitakupeleka mbali, kwenye nchi ya theluji, na nikikufikisha huko nitakuonyesha moto.

Bendera ya Kanada bila shaka umekwisha kuiona. Katikati yake pana jani jekundu, na jani hilo, lililo kwenye bendera hiyo tangu mwaka 1965, ni la mti wa mepo. Mti huo humea kwa wingi mashariki ya Kanada na kaskazini mashariki ya Marekani, na utomvu wake una utamu. Wenyeji wa asili wa nchi zile, wakiwemo Waabenaki, waliugema tangu zamani, na walowezi wa Kizungu walijifunza kazi hiyo kwao. Siku hizi jimbo la Quebec, huko Kanada, hutoa karibu asilimia 70 ya shira yote ya mepo duniani, na kwa upande wa Marekani jimbo linaloongoza ni Vermont.

Vermont ndiko nilikokwenda mwezi Machi mwaka 2018, kumtazama dada yangu. Yeye na mumewe wanaishi Burlington, mji mdogo wenye wakimbizi wengi wa zamani, Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu, na ukisimama kwenye kituo cha basi huwezi kukosa kusikia Kiswahili. Shemeji yangu ni mtu wa Uvira. Kabla ya kufika Marekani alikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Siku ya tatu ya ugeni wangu akaniambia, "Shemeki, jioni vaa makoti mawili. Twende nikuonyeshe kazi yangu ya usiku. Tunapika asali ya mti."

Kazi yenyewe ilikuwa kwa mzee mmoja mkulima, nje ya mji, katika kibanda cha mbao chenye uwazi mrefu juu ya paa wa kutolea mvuke. Ndani palikuwa na tanuru la chuma lenye urefu wa kama futi 12, juu yake makarai mawili mapana ya pembe nne, na mwisho wake dohani, yaani bomba la moshi, lililotoboa paa na kwenda juu.

Sasa tupige hesabu kidogo, msikilizaji, maana bila hesabu hii hutaona kwa nini moto ni kila kitu katika kazi ile. Utomvu ukitoka mtini, ukiutazama, utasema ni maji matupu. Sukari iliyomo ni kama asilimia 2 tu. Shira iliyoiva ina sukari kama asilimia 66 au 67. Maana yake ni kwamba lita 40 na ushei za utomvu hukupa lita moja ya shira, na zote zilizobaki ni maji ya kufukuzwa kwa moto. Tena utomvu haungojei mtu. Hutiririka majuma machache tu, mwishoni mwa majira ya baridi, siku ambazo usiku maji huganda na mchana barafu huyeyuka. Ukiuacha kwenye tangi siku chache za joto, unachacha. Kwa hiyo siku unapokuja ndiyo siku unapopikwa, hata kama kazi itakwenda mpaka alfajiri.

Na kuni? Wenyewe huzipima kwa rundo la urefu wa futi 8, upana wa futi 4 na kimo cha futi 4. Katika tanuru la kizamani, rundo zima la namna hiyo hukupa kama galoni 25 za shira, yaani lita zisizofika 100. Kuni hizo ni lazima zikatwe, zichanjwe na kuanikwa mwaka mzima au zaidi kabla ya kutumika. Ukiishiwa kuni kavu katikati ya msimu, huwezi kuingia msituni kukata nyingine. Za mbichi zitatoka maji na moshi, na karai litakaa kimya.

Hiyo ndiyo shida iliyokuwa imemkuta yule mzee. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na mgongo ulikuwa umekataa. Kiangazi kilichotangulia hakuchanja kuni za kutosha. Nilipofika, msimu ulikuwa haujafika nusu, lakini banda la kuni lilikuwa limebaki nusu. Alikuwa akilitazama banda lile kama mtu anavyotazama gunia la unga mwezi ukiwa bado mrefu. Shira ile ndiyo iliyokuwa ikimlipia kodi ya shamba. Wenye mitaji mikubwa wana mashine za kuchuja utomvu kwa nguvu ya pampu, wakaondoa robo tatu ya maji au zaidi kabla moto haujawashwa. Yeye hakuwa nayo. Alikuwa na kuni zake, basi.

Usiku wa kwanza nilipewa kazi ya kuchochea. Kazi rahisi, nikajisemea, nani asiyejua kuchochea moto? Mzee na shemeji walitoka kwenda kuangalia tangi la nje, nami nikabaki peke yangu. Nikafungua milango yote miwili ya tanuru, nikajaza kuni mpaka zikagusa juu, nikafungua tundu la hewa lote. Moto ukanguruma kama lori linalopanda mlima. Nikafurahi. Nikaona hapa sasa kuna kazi inafanyika.

Kumbe kazi ilikuwa ikifanyika angani. Baada ya dakika chache chini ya dohani chuma kilianza kuwa chekundu, wekundu wa kuonekana gizani, na juu ya paa, shemeji aliniambia baadaye, ndimi za moto zilikuwa zikitoka kwenye mdomo wa bomba. Karai la mbele, lile la shira iliyokaribia kuiva, likatoa povu likapanda mpaka ukingoni. Povu liliposhuka nikaona chini ya karai. Chuma kitupu! Nikasikia harufu ya sukari inayoungua. Ndipo nilipojua jambo ambalo kila mpishi wa kuni analijua na mimi nimelisahau kwa kuzoea gesi: moto wa kuni hauna swichi.

Mzee aliingia mbio, akanyakua ndoo ya utomvu baridi akaimwaga karaini, kisha akafunga tundu la hewa. Karai lilipona. Ujue kwamba karai likiwa na maji juu yake, chuma chake hakizidi sana joto la maji yale yanayochemka. Maji yakiisha, moto hukikuta chuma kikiwa uchi, na kinapinda au kutoboka kwa muda mfupi sana. Shira ya sehemu ile ya karai ilikuwa nyeusi na chungu. Tukaimwaga kwenye theluji. Mzee hakunifokea. Alikwenda mlangoni, akahesabu kwa macho kuni nilizounguza, akarudi akaketi. Ningependa angefoka.

Shemeji naye hakusema neno. Alichukua kitambaa, akakilowesha, akaenda chini ya dohani, akaanza kufuta kitu kilichofunikwa na masizi. Kilikuwa kipimajoto, saa ya mviringo yenye mshale, ncha yake imechomekwa ndani ya bomba. Alipofuta kioo ikatokea mistari miwili ya rangi nyekundu iliyochorwa kwa mkono, mmoja kwenye 700 na mwingine kwenye 900 kwa vipimo vyao, yaani karibu nyuzi 370 na nyuzi 480 za sentigredi. Akamwuliza mzee mistari ile ni ya nini.

Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Hiyo ni ya mke wangu." Miaka yote yeye alikuwa akishughulika na shira, na mkewe ndiye aliyekuwa mtu wa moto. Mkewe alipofariki, mzee akaanza kuchochea kwa masikio. Moto ukinguruma, anaona ni mzuri. Ukinyamaza, anaongeza. Na kuni zikawa haziishi msimu hadi msimu kama zamani, akadhani ni uzee wake tu.

Msikilizaji, saa ile ya dohani inasema nini? Inasema jambo moja dogo lenye maana kubwa: joto kiasi gani limepita chini ya makarai bila kufanya kazi, na sasa linaondoka zake. Moto huanzia mbele ya tanuru, ukapita chini ya karai la shira, ukaenda nyuma chini ya karai kubwa la utomvu, ambalo tumbo lake lina mikunjo mirefu ili moshi upite katikati na kuacha joto lake humo. Kinachobaki hupanda dohani. Mshale ukisimama juu sana, jua kwamba kuni zako zinachemsha mawingu.

Lakini usidhani basi kwamba mshale ukishuka sana ndiyo ushindi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Dohani inahitaji joto ili ivute hewa. Ikipoa, tanuru linakosa pumzi. Moshi wa kuni mbichi katika bomba lililopoa, hasa chini ya nyuzi 120 hivi, huacha ndani yake utando mweusi kama lami, na utando huo siku moja hushika moto, ukachukua bomba, paa na kibanda. Tena mshale unaweza kushuka kwa udanganyifu. Ukiacha milango wazi, hewa baridi huingia, ikachanganyika na moshi, na saa ikasoma joto dogo, wakati ukweli ni kwamba umelipoza karai lako mwenyewe. Kwa hiyo shemeji alinifundisha kusoma vitu viwili kwa pamoja, dohani na mvuke. Mshale umeshuka na mvuke bado ni mzito unaochemka kwa nguvu? Vizuri. Mshale umeshuka na mvuke umelegea? Moto wako una njaa, au mlango wako uko wazi. Mshale unapanda siku hadi siku na mvuke unapungua? Basi masizi yameganda kwenye mikunjo ya karai, maana masizi huzuia joto kama blanketi. Zima kazi asubuhi, chukua brashi, safisha.

Kuanzia usiku wa pili tukapika kwa mistari ya marehemu mama yule. Shemeji alichukua shoka akazipasua upya kuni nene mpaka zikawa unene wa kifundo cha mkono, kwa sababu moto hula ubavu wa kuni, na kuni nyembamba nyingi zina mbavu nyingi kuliko gogo moja. Tukazipanga kwa kupishana ili hewa ipite. Tukafungua mlango mmoja kwa wakati, tukatia chache, tukafunga upesi. Mshale ulianguka kidogo kwa ule ubaridi ulioingia, ukapanda kuni ziliposhika, ukasimama, kisha ukaanza kushuka pole pole kuni zikigeuka makaa. Siri yote iko pale, anapoanza kushuka. Usingoje azame ndipo ujaze mpaka juu, maana hapo utakuwa na karai linalochemka na kupoa, kuchemka na kupoa, kama homa ya malaria. Unatia chache kabla hajaugusa mstari wa chini. Kwa tanuru lile ilitokea kuwa kila dakika 8 hivi. Kila tanuru lina namba yake, lakini desturi ni hiyo hiyo.

Palikuwa na jambo la pili. Tuna methali yetu kwamba panapofuka moshi pana moto. Ni kweli, ila mpishi wa mepo atakuongezea kwamba moshi ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua. Sehemu kubwa ya kuni kavu hugeuka gesi kwanza, kabla ya kuwa makaa, na gesi hiyo ikikosa hewa mahali palipo na joto, hukimbia ikiwa moshi, au huwakia ndani ya dohani mahali ambapo hakuna karai la kupasha. Ndiyo zile ndimi nilizozitoa usiku wangu wa kwanza. Matanuru mapya yana feni inayopuliza hewa kupitia matundu yaliyo juu ya moto, ili gesi iungulie chini ya karai. Mzee hakuwa na feni. Tuliziba nyufa za milango kwa kamba nene isiyoshika moto, tukapunguza hewa ya chini, na moshi ukabadilika kutoka mweusi hadi kuwa kitu chepesi ambacho ilibidi ukitafute kwa macho.

Nikamwuliza shemeji alijifunzia wapi mambo haya. Akacheka kidogo. "Nyarugusu," akasema. Kule kambini kuni zilikuwa mbali, na aliyekuwa akizifuata ni mama yake. Aliondoka kabla ya mapambazuko, na nyumbani hakuna aliyepumua vizuri mpaka arudi, kwa sababu porini palikuwa na watu wabaya. Kwa hiyo moto wa mama yake ulikuwa mdogo, umezungushiwa udongo, sufuria imekaa chini kabisa, kuni zinasukumwa kidogo kidogo. "Mtoto aliyeongeza kijiti kwa mchezo alichapwa," akaniambia. "Sikuwa najua ni hesabu. Nilidhani ni ukali tu."

Nilikaa Vermont majuma matatu. Sitakudanganya kwamba banda la kuni liliacha kupungua. Lilipungua kila siku. Ila utomvu wa mwisho ulipokuja, ule wa mwanzo wa Aprili unaotoa shira nyeusi yenye ladha nzito, nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani, na shemeji akanipigia simu kunieleza kwamba wameupika wote, na kwamba kwenye kona ya banda kumebaki kuni za kuwashia moto msimu ujao. Mzee alikuwa amenunua rangi nyekundu, akaipitisha upya juu ya ile mistari miwili.

Utasema, sisi hatuna mepo wala theluji, habari hii inatuhusu nini? Inatuhusu. Pita Magharibi mwa Kenya wanapopika sukari guru, uone maji ya miwa yakichemka katika makarai mapana na makapi ya miwa yakiunguzwa chini yake. Ni kazi ile ile, kufukuza maji kwa moto, na swali ni lile lile: joto linakwenda wapi? Rudi nyumbani kwako mjini. Jiko lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, halina uchawi wowote. Udongo unazuia joto lisitokee ubavuni. Moto unaolamba pembeni ya sufuria na kupita juu unapika hewa ya jikoni, nawe umeulipia kwa bei ya gunia la mkaa. Hata gesi ni hivyo hivyo. Punguza mpaka ndimi zikae chini ya sufuria, chakula hakitachelewa kwa kiasi unachodhani, na mtungi utakushukuru.

Na nikiruhusiwa kutoka jikoni kwa dakika moja, nitasema kwamba ugonjwa wangu wa usiku ule wa kwanza si wa tanuru peke yake. Tuna ofisi, kamati na miradi tunayoipima kwa mngurumo: magari mangapi yalikwenda, mabango mangapi yalitundikwa, hotuba ilichukua saa ngapi. Mngurumo ni mkubwa, bomba ni jekundu, na karai limekauka. Ni wachache wanaokwenda chini ya dohani na kitambaa chenye maji kutazama ni kiasi gani kinapotea juu. Kazi hiyo ina masizi, na haina makofi. Lakini mahali pengi ile saa ipo tayari. Iliwekwa na mtu aliyetutangulia, akaichorea na mistari. Inangoja kufutwa tu.

Leo ukiinjika chungu, inama kidogo utazame moto unapita wapi.